Ruta inahamia laini ya akiba, simu zinabaki nyuma

Mkuu, umesema ofisi yenu ina fiba na laini ya akiba ya 4G, ruta inahama yenyewe, kompyuta zinarudi mtandaoni haraka, ila wateja wakipiga hawawapati kwa karibu nusu saa. Nafunga na kuhudumia mifumo ya simu za maofisini, na hili nakutana nalo mara kwa mara. Kwa maelezo yako, ruta inahama vizuri. Simu ndizo hazijui kwamba imehama.

Mkihamia 4G, anwani yenu ya IP ya nje (namba inayowatambulisha mtandaoni) inabadilika, lakini seva ya mtoa huduma wa simu bado imeshika ile ya fiba. Simu zinazoingia inazituma huko huko kwenye laini iliyokufa, mpaka simu zenu zijisajili upya. Muda wa usajili wa SIP, ile lugha ambayo simu za mtandao huzungumza na seva, mara nyingi huachwa sekunde 3600, yaani saa nzima, kwa hiyo kungoja nusu saa si ajabu. Ushushe hadi 120 au hata 60, kama mtoa huduma anakubali.

Halafu kuna ugonjwa mwingine unaojificha zaidi. Ruta hukumbuka kila muunganisho na laini uliopitia. Simu ya SIP haiachi kutuma vipakiti vidogo vya data vya kushikilia njia, na kila kipakiti kinaiongezea kumbukumbu hiyo uhai, basi ruta inaendelea kuvisukuma kwenye fiba iliyokatika. Kivinjari hufungua muunganisho mpya kila mara, ndiyo maana kompyuta hazisumbui. Tafuta mpangilio wa kufuta miunganisho ya zamani laini inapoanguka. Ruta nyingine zinao, nyingine utaandika skripti, yaani amri fupi za kuifanyia kazi hiyo. Na SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP, ukiikuta imewashwa, izime.

Muulize pia mtoa huduma wa simu anawatambua kwa nywila au kwa anwani ya IP. Kama ni kwa IP, mkihama atawakataa kabisa, na laini nyingi za 4G hazina hata IP ya peke yake.

Upande wa kugundua kwamba laini imekufa, usitegemee taa ya waya. Fiba ikikatwa barabarani, kile kiboksi cha fiba ukutani bado kina umeme, na ruta inaona waya mzima. Lango la mtoa huduma nalo linaweza kujibu wakati kwingine kote kumekufa. Mimi huiambia ruta ipingi, yaani itume ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", kwa seva mbili za mbali za wenye tofauti, mfano 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, na ihame zote mbili zikinyamaza mara tatu mfululizo. Kama ruta yako inaweza kupima upotevu wa pakiti, washa hilo pia, maana laini inayopoteza 5% haijafa lakini maongezi yanakatikakatika.

Kurudi kwenye fiba kusiwe na haraka. Fiba inayozimika na kuwaka itawarusha huku na huko, na kila mruko unakata maongezi. Mimi huweka dakika kumi za utulivu kwanza. Hata kwa mipangilio mizuri, simu iliyo hewani wakati wa kuhama itakatika, isipokuwa trafiki yote inapita kwenye handaki la VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) hadi seva ya nje yenye IP isiyobadilika. Anayekuahidi tofauti kwa ruta ya laini mbili tu anakuuzia maneno.

Kasi isikutie hofu. Simu moja ya G.711, mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data, hula kama kbps 87 kila upande, kwa hiyo kumi hazifiki Mbps 1. Zuia tu masasisho ya kompyuta mkiwa kwenye 4G.

Ruta na kiboksi cha fiba viwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya umeme. Mwombe pia mtoa huduma aweke uhamisho upande wake: usajili wenu ukipotea, simu ziende kwenye namba ya mkononi. Hilo linafanya kazi hata ofisi nzima ikizimika.

Ukijaribu, chomoa waya wa fiba wenyewe, usichomoe ule unaoingia kwenye ruta, huku mtu wa nje akiwapigia. Kisha weka hapa aina ya ruta na muda wa usajili uliokuta, tuendelee.