Uvimbe wa Taya la Juu: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Shikamoo daktari. Mume wangu amevimba shavu mwaka wa pili sasa, wala hasikii maumivu. Ameng'olewa magego mawili lakini uvimbe uko vilevile. Je, ni jino? (Mama, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Jino bovu kwa kawaida huuma au hutoa usaha, na likishang'olewa shavu hunywea. Uvimbe unaokua polepole bila maumivu, ukalegeza meno, ukashusha kaakaa au kuziba tundu moja la pua, una asili nyingine, nami naomba asing'olewe jino jingine kabla ya kupigwa picha. Huenda ikawa ni ameloblastoma, uvimbe adimu unaotokana na chembechembe zinazohusika na kutengeneza gamba gumu la jino, ambao mara nyingi hutokea taya la chini na mara chache la juu. Eksirei huonyesha mfupa ulivyoliwa na picha ya CT huonyesha uvimbe umefika wapi, lakini jina la ugonjwa hupatikana maabara, baada ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wenyewe. Msikiogope kipimo hicho. Bila hicho daktari anabahatisha.

Nimeambiwa uvimbe wangu ni ameloblastoma, si saratani, na bado nitakatwa sehemu ya taya. Mbona usikwanguliwe tu? (Mvuvi, Lamu)

Ndugu yangu, ameloblastoma kwa kawaida si saratani, lakini hupenya ndani ya mfupa kupita pale jicho linapoona umekoma, na ukikwanguliwa mara nyingi hurudi. Taya la juu lina hatari zaidi, kwa sababu mfupa wake ni mwembamba na wenye vitundu kama sifongo, juu yake pana uwazi wa hewa wa shavuni, kisha tundu la jicho, na nyuma yake kitako cha fuvu, mahali ambapo uvimbe ukirudi ni vigumu mno kuufuata kwa kisu. Ndiyo maana huondolewa pamoja na takriban sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Pengo la kaakaa huzibwa kwa kifaa kinachovaliwa kama meno ya bandia, ili chakula kisipande puani na maneno yasikike, au hujengwa upya, pengine kwa mfupa wa mguuni.

Mwanangu wa miaka 6 amevimba taya kwa wiki mbili tu. (Baba, Mokowe)

Mpeleke hospitali leo hii. Uvimbe unaokua kwa siku humfanya daktari afikirie limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, inayoonekana zaidi penye malaria nyingi. Tiba yake kuu ni kemotherapi, yaani dawa za kuua chembe za saratani, wala si kisu, na watoto wengi hupona wakiwahiwa.

Nimeshapasuliwa ameloblastoma. Nirudi kliniki hadi lini? (Bibi, Lamu)

Miaka 10 au zaidi, bibi, kwani huweza kurudi baada ya muda mrefu wa kimya. Najua safari ya boti na basi ni gharama. Hifadhi picha zako na majibu ya maabara, maana daktari wa mwaka wa saba huenda asiwe yule aliyekupasua.