Kabla hujavuta turubai

Mdogo wangu, wiki yako ya kwanza ya kupanda kwenye fuso juu ya mabomba ya mahema, kila mtu atataka kukufundisha kuvuta turubai. Ndiyo kazi inayoonekana, ndiyo inayokusanya watoto wa mtaa. Mimi nakuomba macho yako yabaki chini, kwenye miguu ya hema.

Chukua hema la kawaida la harusi, mita 10 kwa 20. Lina matao 5 ya alumini, na kati ya tao na tao ni mita 5. Ukifika, usipange kwa kufuata ukuta wa mwenye nyumba. Kuta zetu za uani tunazijua. Vuta kamba, weka kona nne, halafu pima ulalo, kona hadi kona, mara mbili. Unatakiwa kusoma mita 22 na sentimita 36 huku na kule. Ukipata 22.50 upande mmoja na 22.20 upande wa pili, hema limelala kama ule msambamba wa shuleni. Sogeza vibao vya miguu sasa hivi wakati ni vyepesi. Kosa la vidole vinne chini litakuja juu kama matundu ya pini yasiyokutana, na jua la saa sita litakukuta unagonga nyundo na kulaani aliyetengeneza mabomba.

Kabla ya kigingi cha kwanza, uliza bomba la maji limepita wapi. Mwenye nyumba mara nyingi hajui. Dada wa kazi anajua. Kisha tazama juu. Alumini na nyaya za umeme havina utani, na tao linaposimamishwa linafika mahali ambapo, lilipokuwa limelala chini, hukupawazia.

Udongo nao una tabia zake. Mfinyanzi mkavu hushika kigingi hadi ukitoe kwa jasho, lakini mvua moja ya usiku ikiulainisha, asubuhi vigingi vyote virudiwe. Mchanga wa Kigamboni unapokea nondo ya mita nzima kama ndizi mbivu inavyopokea kisu, na unaitoa vilevile. Huko, na kwenye uwanja wa pevingi, tunatumia uzito: vipande vya zege au mapipa ya maji. Pipa la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200. Mapipa mangapi kwa kila mguu, hilo ni la fundi mkuu na karatasi ya maelekezo ya hema lenyewe, usikisie. Ila usikubali kuambiwa nusu pipa inatosha kwa sababu leo maji ni ya mgao.

Sasa nikwambie kosa nililoshiriki mimi mwenyewe. Ilikuwa sendoff ya Jumamosi, tumechelewa, matao yote matano yamesimama, na waya za msalaba, zile zinazokatiza kona kwa kona kati ya tao na tao, bado ziko kwenye gari. Tukakubaliana tuvute turubai kwanza, waya baadaye. Vipande viwili vya turubai vikaingia vizuri kabisa. Tukaenda kwa mama ntilie. Saa nane mchana upepo wa bahari ukaanza, wala haukuwa mkali, na tukiwa na sahani mkononi tukaona hema zima linainama taratibu, kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Halikumwangukia mtu kwa sababu wote tulikuwa tunakula. Miguu mitatu ilipinda.

Turubai ni tanga, mdogo wangu. Fremu tupu upepo unapita katikati; ukishaivisha turubai, upepo unasukuma. Na upepo ukizidisha kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Kwa hiyo simamisha tao la kwanza, watu wakiwa kwenye kamba pande zote, kisha la pili, yaunganishe kwa mabomba ya kati, na hapohapo funga waya za msalaba za chumba hicho, yaani nafasi kati ya matao hayo mawili, juu na pembeni. Matao mengine yote yataegemea hapo. Mtu akikwambia waya baadaye, mwache aende kula, wewe funga.

Turubai livutwe asubuhi, kabla bahari haijaanza kupumua. Kipande cha chumba kimoja kina kama kilo 35 hadi 45, kutegemea unene. Kamba mbili, watu sawa kila upande, mmoja tu ndiye anayeita. Pitisha sabuni ya mche kavu kwenye ukingo unaoingia kwenye mfereji wa kenchi, lile bomba la tao linalobeba paa. Likigoma, wageni wa kazi hii wote hufanya kosa moja: wanavuta kwa nguvu zaidi. Upande mmoja umetangulia, ndiyo maana limebana. Rudisha nyuma nusu mita, linganisha, vuta tena.

Likishafunika, likaze hadi ukilipiga kofi lilie kama ngoma. Turubai lililolegea hukusanya mvua, na dimbwi la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 10 ni kilo 400 juu ya vichwa vya wageni. Likiwa dogo, lisukume kutoka chini kwa mpini wa ufagio uliofungwa kitambaa. Likishakuwa tumbo, ondoa watu kwanza.

Kushusha ni kinyume chake, kwa hiyo waya za msalaba ndizo za mwisho kufunguliwa. Turubai kama limeloa, likunjwe liende, lakini kesho lianikwe bohari, la sivyo ukungu utaliwekea madoa ambayo hakuna bibi harusi atakayeyakubali. Pini zihesabiwe zikiingia ndooni, wakati taa za ukumbi bado zinawaka. Mimi huzihesabu kwa sauti, na vijana wananicheka.