Kabla hujaigusa 0x378

Kijana akija kwangu atachimenti na programu ya kuendesha mitambo, swali langu la kwanza ni hili: inagusa poti (mlango wenye namba ambao programu hupitishia data kwenda kwenye kifaa) mahali pangapi? Akisema pengi, najua kazi bado ipo.

Swali hilo lilinigharimu siku mbili hapa Kisumu, kwenye kibanda kimoja karibu na soko la Kibuye. Kompyuta kuukuu iliwasha pampu ya maji kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyofungwa kwenye poti ya printa, ambayo anwani yake ni 0x378. Enzi za DOS uliandika outportb(0x378, 1), yaani peleka 1 kwenye anwani 0x378, rilei ikalia ta!, pampu ikanguruma. Windows 98 nayo haikuwa na neno. Kwenye XP ikagoma: Windows za ukoo wa NT haziruhusu programu ya kawaida kugusa poti, mpaka ipitie draiva, programu ya mfumo inayozungumza na kifaa.

Tukahamia Linux. Huko unaomba ruhusa kwanza ukiwa root (mtumiaji mkuu), kisha unaandika outb. Nikanakili mstari wangu wa zamani, nikabadilisha jina tu. Kimya. Programu haikulalamika, rilei haikulia. Nikafungua sanduku, nikapima waya kwa mita, nikang'oa rilei mbili nzima kabisa. Kumbe kwenye Linux thamani ndiyo hutangulia na anwani hufuata: outb(1, 0x378). Mimi nilikuwa napeleka 0x78 (outb hubeba baiti moja tu, 0x378 ikakatwa) kwenye poti namba 1, ambayo ni ya kidhibiti cha DMA, kinachohamisha data bila kupitia prosesa! Kompaila ilitoa onyo, lakini nani husoma maonyo saa kumi na moja jioni, mwenye pampu amesimama mlangoni?

Kosa baya zaidi lilikuwa la ruhusa. Kwa uvivu nilifungua poti zote kwa iopl(3). Ningetumia ioperm(0x378, 3, 1), yaani poti tatu tu, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ingeiua programu palepale ilipokosea, na rilei za watu zingepona. Mkienda FreeBSD, mfumo mwingine unaofanana na Linux, jihadharini tena: kule anwani inarudi mbele.

Siku hizi poti naigusa ndani ya faili moja tu, yenye pampu_washa() na pampu_zima(). Programu iliyobaki haijui hata kama 0x378 ipo. Mfumo ukibadilika, nabadilisha faili hiyo. Kwenye Linux yenyewe nimeacha outb, napitia /dev/parport0, faili inayowakilisha poti ya printa.

Wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, msicheke. Prosesa yake, ARM, haina poti za namna hii. Rejista zake zimo kwenye anwani za kumbukumbu, nazo huhama: za GPIO (pini za kuunganishia vifaa) zinaanzia 0x3F200000 kwenye Pi 3, na 0xFE200000 kwenye Pi 4. Tumieni libgpiod, maktaba ya kuendesha pini hizo bila kushika anwani.

Na ile waya ya USB ya kuunganishia printa za zamani, usiinunue kwa kazi hii. Inajua kupeleka karatasi za kuchapwa tu, 0x378 haina. Yangu iko kwenye droo, anayeitaka aje aichukue.