Mama mkwe anamjibia mzazi kila ninachouliza

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, nipo Korogwe. Nimemaliza mafunzo ya miezi 6 ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii na sasa nawatembelea wajawazito na wazazi wa kitongoji chetu. Kuna nyumba moja inanishinda. Mtoto ana wiki 3, ndiye wa kwanza. Nikimuuliza mzazi, anajibu mama mkwe. Nilikuta bibi anampa mtoto maji ya sukari kwa kijiko, nikamkataza, akaniambia, “Wewe umezaa wangapi?” Sijazaa. Mara ya mwisho nilimkuta mzazi amelala, kamgeuzia mtoto mgongo, machozi yanamtiririka. Bibi akasema ni uvivu tu. Nirudi nikaseme nini?
Mhudumu, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudi, tena rudi kesho, usisubiri siku yako ya ratiba. Naanza na bibi kwa sababu bila yeye hufiki chumbani, ila kinachonihangaisha zaidi katika barua yako ni yale machozi.

“Umezaa wangapi” utaulizwa sana, usikasirike. Mwambie, “Bado, bibi, ndiyo maana nataka tusaidiane,” na umaanishe. Yeye ndiye anayeamka alfajiri kuchemsha maji ya kumkanda mzazi, ndiye anayesonga ugali na kupika uji wa pilipili manga. Ukimkataza mbele ya mkamwana wake umemvunjia heshima ndani ya nyumba yake, na ukishavuka kizingiti kile kijiko kitarudi palepale. Miaka yangu yote ya ukunga zahanati, nyumba nilizoona zinabadilika ni zile ambazo bibi alipewa kazi.

Muulize kwanza kwa nini anatoa maji ya sukari. Nadhani atakwambia mtoto analia, maziwa hayamtoshi. Hiyo ni hofu ya mtu anayempenda mjukuu wake, basi ishughulikie hiyo hofu. Mpe kikombe na punje za mahindi: kuanzia sasa hadi kesho saa kama hizi, kila nepi inapolowa, atie punje moja. Mtoto wa umri huo anayenyonya tu, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, kwa kawaida maziwa yanamtosha. Kwa kuwa maji ya sukari nayo yanaongeza mkojo, mwombe kijiko kipumzike siku hiyo moja ili hesabu iwe ya kweli. Hapo humkatazi, mnapima pamoja. Kisha fungueni kadi ya kliniki mtazame uzito. Kwa wiki 3 mtoto anatakiwa awe amesharudi kwenye uzito aliozaliwa nao au kuupita. Punje zikiwa chache, au uzito umebaki chini, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Matokeo yakiwa mazuri, ndipo umweleze bibi kwamba maji yanamshibisha mtoto bila kumlisha. Akishiba maji hanyonyi vya kutosha, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Juu ya hapo, kijiko na maji vinaweza kumletea kuharisha. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Mwite akae karibu mtoto akinyonya, atazame: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, sehemu kubwa ya weusi imeingia kinywani, anasikika akimeza. Mfundishe na kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 kwa dakika, au mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akiwa na joto la 37.5 na zaidi au akiwa wa baridi kuliko kawaida, hapo hakuna dawa ya nyumbani. Namba 115 ya m-mama ni ya bure, inaita usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Iandike kwa chaki nyuma ya mlango wao, baba wa mtoto naye aione.

Sasa yule mama. Mwombe bibi amwogeshe mtoto, wewe ubaki ndani na mzazi. Usianze na fomu. Muulize usiku unakwendaje, mtoto akilala naye anapata usingizi, chakula kinapita? Halafu nyamaza, umpe nafasi. Wazazi wengi hulialia siku za mwanzo na ikaisha yenyewe ndani ya wiki 2. Huyu yuko wiki ya 3 na hataki hata kumtazama mwanawe. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ya baada ya kujifungua, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Neno “uvivu” linamuumiza mgonjwa, na mganga wa kutoa majini atamchelewesha.

Muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Usiogope, swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, au akiwa anasikia sauti, au maneno yake hayashikamani, asiachwe peke yake hata dakika moja, na mtoto asiachwe naye. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Akisema hapana lakini hali ndiyo hiyo, mpeleke zahanati kesho yake. Wewe si wa kumtibu, kazi yako ni kumfikisha na kumweleza muuguzi ulichokiona.

Aliyokwambia usiyabebe kwenda kwa bibi. Kwa bibi sema haya tu: mkweo anaumwa, anahitaji tiba na usingizi, usiku mtoto akishanyonya mpokee wewe mpaka anyonye tena. Mume naye aambiwe, kwa sababu nauli na ruhusa ya safari mara nyingi viko mikononi mwake. Siku ya zahanati nendeni wote, bibi akiwa na kadi mkononi ili aulizwe na yeye ajibu. Najua hudhurio la wiki ya 6 liko karibu na pengine watasema wangoje hilo. Usikubali.