Kwa nini kazi yangu inakaa foleni huku za wenzangu zikipita?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nachambua faili 200 za data kwa programu ya Python kwenye klasta ya chuo (kompyuta nyingi zilizounganishwa) inayoendeshwa na Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi. Kila nikituma kazi naomba viini 64 vya prosesa na siku 7, isije ikakatizwa njiani. Inakaa foleni siku mbili, na kazi zilizotumwa baada ya yangu zinaanza. Je, kuna upendeleo?

Jibu: Upendeleo haupo, ndugu yangu. Kinachokukwamisha ni ukubwa wa ombi lako.

Kazi kubwa inaposubiri nodi, yaani kompyuta moja moja za klasta, zipatikane, Slurm hujaza mapengo yaliyobaki kwa kazi fupi zitakazokwisha kabla ile kubwa haijaanza. Kazi ya saa tatu hupenya hapo. Ya siku 7 haipenyi, hata kama ingemalizika usiku mmoja, maana Slurm inajua tu muda ulioandika kwenye --time, sehemu ya kuombea muda. Tena klasta ya chuo ni ya kufundishia pia: mhadhiri akitengewa nodi kwa mafunzo ya vitendo Alhamisi, kazi yako ya siku 7 haitaanza kwenye nodi hizo Jumanne. Ya siku moja ingeanza.

Viini 64 ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Programu ya kawaida ya Python hutumia kiini kimoja, isipokuwa umeiandika igawanye kazi, au inaita maktaba kama NumPy ambayo baadhi ya hesabu zake za matriki hujigawa zenyewe. Vingine vyote vinakaa bure, hakuna mwenzako anayeweza kuvigusa, na bado vinaandikwa kwa jina lako. Palipo na mfumo wa mgawo wa haki (fair-share), unaompa nafasi ya mbele aliyetumia kidogo, matumizi hayo hushusha kipaumbele cha kazi zako zijazo, na mara nyingi cha kundi lako zima la utafiti.

Kwa hiyo pima kabla ya kuomba. Chukua namba ya kazi iliyokwisha uandike:

sacct -j NAMBA --format=JobID,Elapsed,TotalCPU,AllocCPUS,MaxRSS

TotalCPU (jumla ya muda viini vilivyofanya kazi) ikikaribiana na Elapsed (muda kazi iliochukua), ulitumia kiini kimoja tu. MaxRSS inaonyesha kilele cha RAM. Omba kilichotumika, ongeza kama theluthi ya muda na kidogo kwenye RAM. Usibane mno, kwani kazi inayovuka --time hukatwa kweli.

Na kwa kuwa kila faili inajitegemea, zitume kama kazi 200 ndogo za kiini kimoja kimoja: --array=1-200%20. Zitaenda zisizozidi ishirini kwa wakati mmoja, na ikifeli moja utarudia hiyo tu. Jaribu kwanza faili moja, lakini usiijaribie kwenye nodi ya kuingilia, ile unayofikia kwanza unapoingia kwenye klasta. Hiyo tunaitumia sote. Ukishatuma, squeue --start -j NAMBA itakupa makadirio ya saa ya kuanza.