Mwanangu, dhambi ina jina lake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: ikiwa Mungu anajua yote, na Kristo alikwisha lipa msalabani, kuna haja gani ya kuungama kila mara, tena dhambi ileile uliyoiungama mwezi jana? Na je, ni lazima mtu mwingine asikie?

Nianze na jambo langu ambalo hujawahi kulisikia. Bibi yako alipougua, mjomba wako alikuwa akinitumia fedha za matibabu. Sehemu ya fedha hizo niliila mwenyewe, nikamwambia dawa zimepanda bei. Kwa miaka sita baada ya hapo nilisali kila usiku, "Ee Bwana, nisamehe makosa yangu yote." Yote! Neno hilo lilinifaa sana, maana ndani yake halikuonekana hata kosa moja. Hadi usiku mmoja, sijui kwa nini usiku ule, nikatamka kwa sauti: niliiba fedha za ndugu yangu, na nikamdanganya. Nilishtuka. Miaka yote ile sikuwa nimeliita jambo lile wizi, hata kimoyomoyo.

Yohana anaposema, "Tukiziungama dhambi zetu", neno la Kigiriki alilotumia ni homologeo, yaani kusema neno lilelile, kukubaliana. Mungu hapati habari mpya kwako. Wewe ndiye unayeacha kubishana naye, unaiita dhambi kwa jina analoiita yeye. Soma na kinachofuata: yeye ni "mwaminifu na wa haki" hata atuondolee. Wa haki, mwanangu! Deni limekwisha lipwa, ndiyo maana twathubutu kulitaja bila kujificha. Daudi naye alijaribu kujificha, akaandika katika Zaburi ya 32 kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Mimi naijua ile mifupa.

Kuhusu dhambi ileile: rudi, hata kama ni mara ya ishirini. Ninachokuogopea ni siku utakayoona aibu kurudi, ukaamua kuzoeana nayo. Lakini kama inakurudia hivyo, basi kuna mahali inapolishwa, na peke yako huenda usipaone. Hapo ndipo penye haja ya sikio la mwingine.

Yakobo anasema tuungamane sisi kwa sisi na kuombeana, tupate kuponywa. Makanisa yamelifuata neno hilo kwa njia tofauti. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1215, uliagiza kila muumini aungame kwa padre walau mara moja kwa mwaka, na padre amefungwa na siri ya kitubio, yaani hawezi kumwambia mtu aliyoyasikia. Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, alipinga kuwalazimisha watu kuhesabu kila dhambi, ila maungamo yenyewe hakuyatupa. Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, aliwafundisha watu namna ya kuungama. Kwa hiyo usimcheke rafiki yako anayekwenda kitubio. Wewe tafuta mtu mmoja aliyekomaa, anayetunza siri, ambaye baada ya kukusikia atapiga magoti pamoja nawe. Si kila mwenye Biblia anafaa, na aliyewahi kukupa siri za wengine atatoa na zako.

Nami, baada ya kuungama mbele ya Mungu, nikawaza yangu yamekwisha. Kisha nikakutana na Mathayo 5: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, upatane kwanza na ndugu yako. Nikaenda kwa mjomba wako. Alinyamaza muda mrefu, akauliza swali moja tu: mama alikosa dawa? Nikamwambia kweli. Siku mbili. Alilia, nami nikalia, na hakunisamehe siku ile. Nilimrudishia kidogo kidogo mpaka zikaisha. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajaniita dada tena. Hata hivyo usiku wa siku ile niliyomwambia kweli, nikiwa bado sijasamehewa na mtu, nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Mwishoni mwa barua yako kuna sentensi uliyoianza, ukaifuta kwa wino. Sikuulizi ilikuwa nini. Ukitaka mtu wa kukusikia, nipo. Kama mimi niko karibu mno, mtafute mwingine, lakini usikae nalo miaka sita.

Mama yako