Kabla hujaipa dawa ya zamani kazi mpya: jifunze kwa thalidomaidi

Umeanza utafiti Muhimbili, au umepangiwa dirisha la famasi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, na unawaza dawa fulani ya zamani inaweza kutibu kitu kingine. Vizuri. Ila soma kwanza thalidomaidi, maana ndiyo inayoonyesha wazi kwamba tiba na madhara huweza kupita mlango mmoja.

Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi. Wajawazito nao wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa Novemba 1961, watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wao kwa mikono au miguu mifupi isiyokua ikakamilika. Mwaka 1964, huko Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alimpa dawa hiyo mgonjwa wa ukoma aliyekesha kwa maumivu ya vinundu vinavyoletwa na ugonjwa huo. Alitaka alale tu, lakini vinundu vikaanza kunywea. Watu huishia hapo na kusema ni bahati. Kilichofuata si bahati: alilinganisha dawa hiyo na vidonge visivyo na dawa ndani, mgonjwa na mtoaji wote wasijue kipi ni kipi. Hata hivyo Marekani ilikuja kuiruhusu kwa vinundu vya ukoma mwaka 1998 tu, na kwa mailoma, saratani ya seli za uboho, mwaka 2006.

Makosa mawili hurudiwa sana na wageni wa fani hii. Molekuli ya dawa hii ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto; kosa la kwanza ni kudhani la kulia ni salama na la kushoto lina sumu, kwa hiyo tuyatenganishe. Mwilini maumbo hayo hugeukiana ndani ya saa chache, kwa hiyo kutenganisha hakukuokoi. La pili ni kuamini kwamba dawa isiyodhuru panya haitamdhuru mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba dawa hii hujishika kwenye protini iitwayo serebloni, ambayo kazi yake ni kutia alama protini za kutupwa. Ikishikwa na dawa, hutupa hata zile ambazo ingeziacha. Kwenye seli za mailoma zinatupwa protini za Ikaros na Aiolos zinazozitegemeza, na saratani inakosa nguvu. Kwa kijusi inatupwa protini ya SALL4, inayohitajika kuunda viungo. Serebloni ya panya ina tofauti ndogo inayomkinga, ya sungura haimkingi. Basi kabla ya kununua wanyama, uliza dawa yako inashika nini, na mnyama huyo anacho cha namna ileile? Lenalidomaidi na pomalidomaidi, ndugu zake wa baadaye, huleta ganzi na usingizi kwa kiasi kidogo kuliko yenyewe, lakini mjamzito haruhusiwi kuzigusa.

Vibali ni viwili, usivichanganye: cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha jaribio lenyewe hutoka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kazi ngumu iko kwenye ulinzi. Hatari kubwa ni kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutungwa, siku ambazo mwanamke bado anadhani amechelewa tu, na kidonge kimoja chaweza kutosha. Kwa hiyo uzazi wa mpango huanza wiki 4 kabla ya dawa na kuendelea wiki 4 baada ya kuacha, kwa njia mbili kwa pamoja. Kitanzi na kondomu ni mseto mzuri. Vidonge vya majira vinatia shaka: vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu, hasa akitumia thalidomaidi na deksamethasoni, dawa ya steroidi wanayopewa wagonjwa wa mailoma, na rifampisini, dawa ya ukoma, huvipunguzia nguvu. Kipimo cha mimba kifanyike siku 10 hadi 14 kabla ya kuanza, tena ndani ya saa 24 kabla, kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila wiki 4, au kila 2 kama hedhi haieleweki. Mwanamume naye avae kondomu hata kama amefunga kizazi, kwa sababu dawa inapita kwenye shahawa, wala asichangie damu.

Maswali haya hayaulizwi dirishani foleni ikisikiliza. Mwombe dada aingie ndani, na mama mkwe aliyemsindikiza abaki kwenye benchi kwa heshima zote. Wala usitegemee picha ya mjamzito aliyepigwa mstari kwenye boksi: Brazil, ambako watoto wenye ulemavu waliendelea kuzaliwa, wapo walioielewa kuwa ni dawa ya kuzuia au kutoa mimba. Mwambie kwa maneno, kisha umwombe akueleze alivyoelewa.

Dawa hii huweza kuharibu neva na kuleta ganzi, kwa hiyo pima hisia za mikono na miguu kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa mgonjwa wa ukoma, usipoandika hali ya mwanzo hutajua baadaye kama ganzi ni ya ugonjwa au ya dawa, na ya dawa mara nyingi haiondoki. Akilalamika kuchomwachomwa, simamisha kwanza, mjadala baadaye.

Usitoe zaidi ya dozi ya siku 28. Zilizobaki zirudi dirishani, uzihesabu mbele yake kabla ya kumpa nyingine. Zikipungua bila maelezo, uliza nani mwingine nyumbani hakupata usingizi.